Mendota: mita 9 zilizopotea, na udongo wa mfinyanzi uliozitoa

Kuna picha moja ambayo watu wa maji ya chini ya ardhi karibu wote wameshaiona. Mzee kasimama pembeni ya nguzo, na kwenye nguzo kuna vibao vitatu vya miaka, 1977 kipo chini usawa wa ardhi, 1955 kipo katikati, alafu 1925 kipo juu kabisa kiasi kwamba lazima uinue shingo kukisoma. Yule mzee ni Joseph Poland wa shirika la jiolojia la serikali ya Marekani, na pale alipo ni karibu na mji wa Mendota kwenye bonde la San Joaquin, California. Maana ya vile vibao ni kwamba mwaka 1925 uso wa ardhi ulikuwa kule kwenye kibao cha juu, karibu mita 9 kutoka pale alipokanyaga.

Wengi wakiiona wanadhani nguzo ilisimikwa 1925 alafu ardhi ikashuka ikaiacha imening'inia. Hapana, nguzo iliyosimikwa 1925 ingeshuka pamoja na ardhi yake na mpaka leo usingeona tofauti yoyote. Vibao viliwekwa baadaye kuonyesha tu ardhi ilikuwa wapi. Naanza na hili kwa sababu ndo linaeleza ilikuwaje watu waishi juu ya ardhi inayoshuka miaka na miaka bila kushtuka: nyumba inashuka, barabara inashuka, shamba la jirani linashuka, vyote kwa pamoja na taratibu, sasa utajuaje? Unajua tu pale wapimaji wanapopima usawa wakianzia mbali, kwenye mwamba wa milimani ambao haushuki, wakifika bondeni hesabu zinakataa. Mwaka 1935 mhandisi mmoja anaitwa I. H. Althouse alishaanza kuonyesha kwamba upande wa Delano, mji mwingine wa bonde hilo hilo, kuna kitu hakiko sawa, lakini uchunguzi mkubwa wa pamoja ulikuja miaka ya 1950, na Poland ndo alikuwa kiongozi wake.

Kisa hiki kikisimuliwa huwa kinafupishwa hivi: walivuta maji mengi ardhi ikashuka. Ni kweli walivuta, tena sana, ila hiyo sentensi imeruka kiini chenyewe. Kuna sehemu nyingi duniani watu wanavuta maji mengi na ardhi haishuki hata kidole. Swali langu kwenye kisa hiki ni kwamba yale maji yalikuwa yamekaa ndani ya nini? Manake mchanga, kokoto, mfinyanzi na itale (lile jiwe gumu la graniti) vyote vinashika maji, ila kila kimoja kinashika kwa namna yake, na ukishavuta kila kimoja kinakujibu tofauti. Mendota ilijibiwa na mfinyanzi.

Tuangalie kwanza bonde lenyewe. San Joaquin ndo sehemu ya kusini ya Bonde Kuu la California. Mashariki kuna milima ya Sierra Nevada ambayo sehemu kubwa ni itale, magharibi kuna milima ya Coast Ranges ambayo mingi ni mawe yaliyotokana na tope na mchanga wa baharini, na katikati ni kama karai refu ambalo mito imekuwa ikilijaza kwa mamilioni ya miaka. Mito ya kutoka Sierra ina nguvu, inashuka na kokoto na mchanga wa chembe kubwa, ikifika tambarare mwendo unapungua inaanza kumwaga mzigo, vizito vinatangulia kudondoka vyepesi vinaenda mbele. Vijito vya upande wa magharibi ni vidogo, vingine vya msimu, na vinaleta udongo laini zaidi. Alafu kuna vipindi ambavyo ziwa kubwa lilikaa pale bondeni, na kwenye maji yaliyotulia kinachotua chini ni vile vichembe vidogo kabisa ambavyo mto usingeviacha vikae. Tabaka kubwa kuliko yote la namna hiyo linaitwa Corcoran Clay, limetandazwa chini ya sehemu kubwa ya bonde, na kuna mahali unene wake unafika makumi ya mita.

Kwaiyo ukichimba kisima upande wa Mendota, ule udongo unaotoka wachimbaji wakiumwaga mafungu mafungu kwa kila hatua ya kina, unaona kabisa inavyobadilika: mchanga, mfinyanzi, mchanga mwembamba, mfinyanzi, mfinyanzi tena, mchanga, alafu lile tabaka nene, alafu mchanga. Ukijumlisha unene wote, nusu au zaidi ni udongo laini. Fundi akifika kuweka bomba anaweka matundu pale penye mchanga tu, manake mfinyanzi hautoi maji ya kujaza pampu, anaupita kana kwamba haupo. Kitaalamu yuko sahihi, hata mimi ningefanya hivyo hivyo. Lakini hapo ndo kila mtu alijengewa picha kichwani kwamba kisima chake kinakunywa kwenye mchanga na mfinyanzi hauhusiki.

Kuna jaribio nilishawahi kulifanya kwa mikono yangu na tangu siku hiyo naelewa hili jambo kwa namna nyingine. Unachukua makopo mawili ya ukubwa mmoja, unayatoboa tundu dogo chini, unaziba kwa kidole au kizibo. Kopo moja unajaza mchanga wa chembe kubwa uliooshwa, la pili unajaza mfinyanzi laini. Unamimina maji taratibu kwenye yote mawili mpaka yashibe. La mchanga linashiba ndani ya dakika, la mfinyanzi nililiacha usiku kucha likiwa limekaa ndani ya beseni la maji. Alafu unazibua. Mchanga unamwaga hapo hapo, maji meupe yanatiririka kama bomba, baada ya muda kidogo yamebaki matone. Kopo la mfinyanzi halikutoa kitu. Kesho yake asubuhi chini ya tundu kulikuwa na unyevunyevu tu, kama jasho. Ukiuliza watu lipi lina maji mengi watakwambia la mchanga, wakati ukiyapima, ukayakausha juani ukapima tena, unakuta la mfinyanzi ndo lilibeba maji mengi zaidi.

Namba zake ziko hivi. Udongo wa mfinyanzi ambao haujabanwa sana, karibu nusu ya ujazo wake inaweza kuwa nafasi tupu, hata zaidi. Mchanga unacheza asilimia 25 mpaka 50, kokoto 25 mpaka 40. Sasa kwenye mita moja ya ujazo ya mfinyanzi unaweza kuwa na lita 500 za maji, lakini ukiuacha umwage wenyewe kwa uzito wa maji peke yake unapata kama lita 20 hivi. Mita moja ya ujazo ya mchanga wa chembe kubwa inaweza kuwa na lita 350, na ukiuacha umwage unakupa kama 250. Zile za mfinyanzi hazijaenda popote, zimeshikwa kwenye vinafasi vidogo mno kati ya vipande bapa ambavyo kila kimoja kimevaa maji kama ngozi. Kwaiyo kushika maji ni jambo moja na kuyaachia ni jambo lingine kabisa, na mtu akikwambia mwamba huu una maji mengi muulize kwanza utayaachia?

Kama hadithi ingeishia hapo tungesema sawa, mfinyanzi hautoi, wakulima wa Mendota walikunywa kwenye mchanga tu. Kumbe kuna njia nyingine ya kuutoa maji mfinyanzi: unaukamua.

Fikiria uko chini mita 200. Juu yako kuna mzigo wa mashapo yote, yaani ule mchanga na udongo uliotuama, na maji yote mpaka juani. Huo mzigo unabebwa na wawili kwa pamoja, chembe zinazogusana zenyewe kwa zenyewe, na presha ya maji yaliyofungiwa katikati yake. Mhandisi wa udongo Karl Terzaghi ndo aliyeliweka hili vizuri miaka ya 1920 na mpaka leo kila mtu wa udongo anaanzia hapo. Ukivuta maji presha inapungua, lakini mzigo wa juu uko pale pale, kwaiyo ile sehemu ambayo maji yalikuwa yanabeba inahamia kwenye chembe. Sio mzigo mdogo. Kwenye yale matabaka ya chini yaliyofunikwa na Corcoran, maji ya kisimani yakishuka mita 100, chembe zinaongezewa kama tani 100 kwa kila mita ya mraba. Na upande wa magharibi wa San Joaquin kuna visima vilishuka zaidi ya mita 100.

Mchanga ukibebeshwa hivyo unajibana kidogo sana, chembe zake ni ngumu, za mviringo, zilishakaa zikashikana, na ukirudisha maji unanyanyuka tena karibu pale pale ulipokuwa. Mfinyanzi sio hivyo. Vile vipande bapa vilitua chini ya ziwa bila mpangilio, kimoja kimelala, kingine kimeegemea, kingine kimesimama wima, katikati maji. Ukivizidishia mzigo ambao havijawahi kuubeba tangu vizaliwe, vinaanguka vinalaliana kama karata zilizokuwa zimesimamishwa kijumba. Maji yaliyokuwa kati yake yanasukumwa nje, yanaingia kwenye mchanga wa jirani, na kutoka kwenye mchanga yanaingia kwenye matundu ya bomba na kupanda juu na pampu. Mkulima anaona maji yanatoka, kisima kizuri, mchanga wangu mzuri. Na ardhi juu inashuka kwa kiasi kile kile cha maji yaliyokamuliwa.

Sasa karata zikishalala hazisimami zenyewe. Hata ukirudisha presha yote mfinyanzi unavimba kidogo tu, ile nafasi kubwa imeondoka jumla. Yaani yale maji yalikuwa ya kuvunwa mara moja tangu ziwa lilipokauka, hayana msimu wa pili, na pale walipokuwa wakiyavuta walikuwa wanatumia nafaka na kubomoa ghala kwa wakati mmoja.

Hesabu ni rahisi ukitaka kuona ukubwa wake. Ardhi ikishuka mita moja kwenye kilomita moja ya mraba, hiyo ni mita za ujazo milioni moja za maji yaliyotoka kwenye mfinyanzi na za nafasi iliyofungwa. Kufikia 1970 eneo lililokuwa limeshuka kuanzia sentimita 30 na kuendelea lilikuwa kama kilomita za mraba 13,500, karibu nusu ya bonde. Sio kwamba kote kulishuka mita 9, hiyo ni pale Mendota palipozidi, lakini unaelewa tunazungumzia nini.

Walipimaje kwamba ni mfinyanzi na sio kitu kingine? Hapa ndo napenda sana kazi ya hawa watu. Walichimba kisima kirefu, wakatia bomba mpaka chini kabisa chini ya matabaka yanayobanwa, bomba limekanyaga kule chini na halishikani na ardhi ya juu. Ardhi ikishuka, ile bomba inaonekana kama inapanda kutoka kwenye kisima, na mashine ya kuchora juu yake inaandika milimita kwa milimita. Inaitwa ekstensomita. Ukiweka mbili tatu za vina tofauti mahali pamoja unajua ni kati ya kina gani na kina gani panabanwa. Pembeni unapima maji ya kisima, unaweka michoro miwili pamoja: maji yakishuka mstari wa kubana unafuata, maji yakipanda unasimama, au unapanda kidogo sana kisha unatulia. Ukiona mchoro wa namna hiyo hauhitaji kubishana na mtu.

Ila kwenye michoro hiyo kuna jambo linalosumbua, kwamba mfinyanzi unachelewa. Tabaka jembamba la mfinyanzi linakamuka ndani ya muda mfupi kwa sababu maji yake hayana safari ndefu kufika kwenye mchanga. Tabaka nene maji ya katikati yanasafiri mbali kwenye njia nyembamba mno, na muda haupandi sambamba na unene, unapanda kwa mraba wake, yaani tabaka likiwa nene mara 10 linachukua muda mara 100. Ndo maana kuna matabaka pale bondeni ambayo hata pampu zikipumzishwa leo bado katikati yake presha ni ya zamani, bado maji yanasukumwa nje, bado yanabanwa kwa sababu ya maji yaliyovutwa na watu ambao pengine hawapo tena duniani. Hapo ukiona ardhi inashuka mwaka ambao maji yamepanda usidhani kipimo kimekosea.

Nije kwenye ushahidi ambao kwangu ndo moyo wa kisa hiki chote. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea, mifereji ilianza kuleta maji ya mito kutoka kaskazini mpaka upande wa magharibi wa bonde, wakulima wakapunguza kuvuta, na maji ya visimani yakapanda. Yalipanda haraka, na watu wakapumua, kila mmoja alidhani hazina imerudi. Ikaja 1976 na 1977, ukame mkali, mifereji ina maji kidogo, pampu zikawashwa tena. Walivuta kiasi gani? Kama theluthi moja tu ya kile walichokuwa wanavuta kwa mwaka kwenye kilele cha miaka ya 1960. Lakini maji ya visimani yakaporomoka zaidi ya mita 45 kwenye eneo kubwa, kwa kasi ambayo haikutarajiwa, na ardhi ikaanza tena kushuka.

Fikiria hapo kidogo. Wamevuta theluthi, wameporomoka kama wamevuta yote. Kwa nini? Kwa sababu miaka ile ya mwanzo kila pampu ilipovuta mfinyanzi ulikuwa unachangia, unakamuka unajaza mchanga, presha inashuka pole pole. 1977 sehemu kubwa ya mfinyanzi ilishakamuliwa, haina cha kutoa kirahisi, mchanga umebaki peke yake, na mchanga uliofungiwa chini ya tabaka nene una akiba ndogo sana ya kutoa kwa kubadilika kwa presha tu, kwaiyo ukivuta kidogo presha inaanguka sana. Na ndo kisa hicho hicho kilichofanya maji yapande haraka mifereji ilipoanza: pipa lililokuwa pana limekuwa jembamba, ukilitia maji kidogo linaonekana limejaa, ukichota kidogo linaonekana limekauka. Mtu anayeangalia kina cha kisima peke yake angesema 1975 wamepona. Usawa wa maji ulirudi kweli, uwezo wa kuhifadhi haukurudi, na hivyo ni vitu viwili ambavyo naona bado vinachanganywa kila siku, hata kwenye ripoti.

Hilo la mfinyanzi kubana ningeweza kuliandika mpaka kesho, ila mawe mengine ya jirani nayo yana la kusema. Ukitoka bondeni ukapanda mashariki kwenye vilima vya Sierra unaacha mashapo unaingia itale. Itale lenyewe likiwa zima halina nafasi, chini ya asilimia moja, ukichimba katikati ya jiwe zima utatoka na vumbi. Maji yake yamekaa kwenye nyufa, na juu kwenye ile sehemu iliyooza ikawa kama mchanga mchanga. Ndo maana kule mtu anaweza kuchimba akapata, jirani yake akachimba hatua chache pembeni akakosa, hajarogwa mtu, mmoja kakutana na ufa mwingine hakukutana nao. Itale haitashusha ardhi hata ukivuta mpaka ukauke, jiwe linajibeba lenyewe, lakini akiba yake ni ndogo mno, inaisha mapema na inategemea mvua ya juzi. Mawe ya chokaa nayo ni habari nyingine, maji yanayeyusha jiwe yanajichongea mifereji, mengine unaweza kupita mtu mzima, maji yanaingia kwa kasi na uchafu unaingia kwa kasi hiyo hiyo bila kuchujwa. Kila moja lina kosa lake la kufanyiwa. Kosa la San Joaquin lilikuwa kuutendea mfinyanzi kama mchanga.

Na walioumia wa kwanza sio wenye visima virefu. Ukame wa 2012 mpaka 2016 kitongoji cha East Porterville, pembeni mwa bonde upande wa mashariki, mamia ya kaya visima vyao vilikauka, vile visima vifupi vya nyumbani, watu wakawa wanaoga kwa maji ya kuletewa na matenki. Pale tabaka la mashapo juu ya mwamba ni jembamba, maji yakishuka kidogo kisima kifupi kinabaki hewani. Nikisoma habari zao roho inaniuma manake wao hawakuwahi kuvuta cha kushusha bonde, walikuwa na pampu ndogo ya familia. Ilibidi baadaye waunganishwe kwenye mabomba ya mji jirani.

Tukirudi kwenye mfinyanzi, uharibifu wake unaonekana sana kwenye vitu vinavyotegemea mteremko. Mfereji wa maji hauna pampu kila hatua, unategemea ardhi iliyoteremka sentimita chache kwa kilomita, sasa katikati pakishuka panakuwa bakuli, maji yanajaa pale na mbele hayaendi. Mfereji wa Friant-Kern unaopeleka maji ya Sierra kusini, kipande chake kimoja kilipoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake kwa sababu hiyo ikabidi wajenge kipande kingine sambamba. Yaani mfereji uliojengwa ili watu wasivute maji ya chini umeharibiwa na kuvuta maji ya chini, na ukishaharibika unapeleka maji kidogo, watu wanarudi kuvuta. Mabomba ya visima nayo yanapindwa na kupondwa kule chini matabaka yanapobana. Alafu kuna jambo ambalo halionekani kwa macho: 2018 watafiti wa chuo kikuu cha Stanford walionyesha kwamba huko huko San Joaquin, sehemu ambazo ardhi ilikuwa inashuka kwa kasi ndo zenye uwezekano mkubwa wa arseniki, ambayo ni sumu, kwenye maji ya kisima. Maji yaliyokaa ndani ya mfinyanzi kwa maelfu ya miaka bila hewa yanabeba arseniki, ukiukamua unayasukuma kwenye mchanga ambao watu wanakunywa. Sioni namna ya kulichukulia jambo hili kwa wepesi. Waliokuwa wakikamua walikuwa wanatafuta maji ya shamba na waliopata arseniki ni watoto kwenye bomba la nyumbani.

Mwaka 2014 California ilitunga sheria ya kusimamia maji ya chini ya ardhi, maeneo yaliyozidiwa zaidi yamepewa mpaka 2040 kufikia hali ya kuvuta bila kuharibu. Siku hizi kushuka kunapimwa kwa rada za setilaiti, na zimeonyesha kwamba kwenye ukame wa karibuni kuna sehemu zilikuwa zinashuka sentimita 30 kwa mwaka na zaidi, kasi inayofanana na ile ya zamani. Sheria ni nzuri, ila kumbuka yale matabaka nene yanayochelewa: hata wote wakitii leo, kuna kiasi cha kushuka ambacho kimeshalipiwa na bado hakijafika.

Cha kufanya kinachoeleweka ni kurudisha maji pale yanapoweza kuingia, na hapo jiolojia inarudi tena kama mwanzo. Upande wa mashariki ambako mito ya Sierra ilimwaga kokoto na mchanga, ukituamisha maji ya mafuriko yanazama. Mji wa Fresno una mabwawa ya kazi hiyo tangu miaka ya 1970, na kuna wakulima wanaofurikisha mashamba yao makusudi wakati wa baridi ili maji yashuke. Kuna pia mabonde ya zamani yaliyochongwa na mito enzi za barafu yakajazwa kokoto alafu yakafunikwa, ukiyapata hayo umepata mlango. Mchanga na kokoto bado vina nafasi yake karibu yote, havikuharibika, na hilo ndo jambo la kushika. Ila mlango wa mashariki haufunguki kirahisi mpaka Mendota, njiani kuna Corcoran.

Mwaka 2023 ilinyesha kupita kiasi na theluji ikayeyuka, ziwa la Tulare ambalo lilishakaushwa kuwa mashamba kwa miaka mingi likarudi, zaidi ya kilomita za mraba 400 za maji. Mji wa Corcoran, ule ule uliolipa lile tabaka jina, unakaa pembeni ya ziwa hilo, nao ulikuwa umeshuka kiasi kwamba tuta lake la kuzuia mafuriko lililoinuliwa 2017 ilibidi liinuliwe tena mwaka huo haraka haraka. Na lile ziwa lilikaa pale miezi na miezi, maji yametanda juu ya bonde lenye kiu, chini yake visima vimeshuka makumi ya mita, na hayakuzama. Chini ya ziwa ni mfinyanzi. Jua na pampu ndo vilivyolimaliza, na kufikia mwanzoni mwa 2024 sehemu kubwa ilikuwa imeondoka.